Rafiki yangu Mchina wa Upanga alivyoigiza movie ya kuikataa sura yake, hapa Guangzhou

Wakuu, shikamoo kwa wanaostahili, na wengine wote mambo.

Mnanijua kwa chumvi, dagaa mmoja kwangu anakuwa papa. Leo chumvi nitaitia kwenye mambo madogo tu na mtaiona mkiipita. Makubwa nimeyaacha yalivyotokea.

Niko Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, natuma mizigo ya Wabongo nyumbani na kuwakalimania madukani. Elimu yangu ni QT ya jioni, nilisoma nikisinzia mpaka mwalimu wa hesabu akaniita Lala Salama. Kwa hiyo msitegemee uchambuzi wa filamu wa kiprofesa.

Rafiki yangu nitamwita Danny. Sura Mchina, mengine yote Dar. Kazaliwa Upanga, wazazi wake wana mgahawa huko mpaka leo, na Kiswahili chake kinanizidi mimi. Hapa anawazungusha wateja soko la Shisanhang kwenye nguo za jumla na kuwakalimania.

Danny ni gay. Najua kuna watu wameshaokota mawe. Shikeni tu mkononi, mtarusha mkimaliza kusoma.

Mama yake alishajua zamani. Alilia mpaka Upanga ikakaribia kufurika, halafu akanyamaza, halafu akamwambia sawa mwanangu, ila siku moja niletee mtu nitakayekaa naye mezani tunywe uji wa mchele, asiukunjie pua. Maana wote Danny aliowahi kumwonyesha kwenye picha walikuwa wazungu, na hakuna aliyedumu.

Sasa mtu wa uji alikuwepo!

Anaitwa Ah Wing, mzaliwa wa hapa hapa, ana kibanda cha vifungo na zipu jirani na Shisanhang. Mpole, mtu wa chai. Walikuwa pamoja muda mrefu tu. Mama alikuwa anatarajiwa kuja kutoka Dar kufunga mzigo, na Ah Wing alikuwa anasubiri kitu kimoja: kutambulishwa.

Danny akawa anapiga danadana. Mara mama ana presha, mara tusubiri kidogo.

Nikamuuliza, bro, mama keshakubali, unaogopa nini? Akaniambia, "Shuleni walikuwa wananiuliza mimi original au wa Kichina. Kila siku. Mpaka leo nikipita kwenye kioo najiuliza mwenyewe."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

Hapo ndipo alipoingia director. Jamaa kazaliwa Canada, wazazi Wachina, naye gay. Alikuwa anatengeneza short film kuhusu kijana Mchina wa ughaibuni anayependa wazungu tu, kwa sababu akimwona Mchina mwenzake anajiona mwenyewe. Alimpata Danny kwenye group la wakalimani, akasema huyu huyu.

Akatupa movie za kutazama kwanza, tukatazama kama mia nane hivi. (Chumvi. Hazikufika kumi.)

Wakuu, zile movie zilinichosha roho. Mchina gay kwenye filamu za huko kwa wazungu ni yule rafiki wa pembeni anayeleta kahawa. Au anachekwa kwa lafudhi. Akipewa mapenzi, basi mzungu ndiye anayemchagua, na kamera inamshangilia kama ameokota lulu. Wachina wawili wakipendana wenyewe kwa wenyewe, nilitafuta sana, sikuwaona.

Director akasema yeye anataka kuuonyesha ule ugonjwa wa mtu kuikataa sura yake wazi wazi, watu wauone. Nikaona ni jambo jema.

Na tusijifanye wasafi. Hapa jirani, mtaa wa Dengfeng, maduka ya ndugu zetu yana shelf nzima ya mkorogo, na wanunuzi ni sisi. Nina binamu yangu uso wa Fanta, vidole vya Coca-Cola.

Tukashoot kwenye chumba cha kupanga Sanyuanli, Jumapili mchana. Mimi nilipewa kushika mic ya mti mrefu, pia kuna sehemu napita dirishani na furushi begani. Oscar yangu bado inakuja.

Kasheshe ikaanza: kijana aliyeajiriwa kuigiza mpenzi wa Kichina hakutokea. Alituma ujumbe kwamba anaogopa ukoo wake utamwona. Director akachanganyikiwa. Danny akapiga simu, na Ah Wing akafunga kibanda akaja.

Hebu tulieni hapo. Mtu anaitwa kuja kuigiza mpenzi anayekataliwa, na anayemkataa ni mpenzi wake mwenyewe. Hakuna aliyemsomea script yote. Aliambiwa tu akae kitandani, Danny ataongea, mwishoni alie.

Wakavaa nguo za kuigizia. Danny akatamka maneno ya script kwa Kiingereza, yakatoka kama tangazo la benki. Tukarudia, tukarudia. Director akamwambia, sema kwa lugha iliyokuumiza.

Danny akakaa kitandani. Halafu akamwangalia Ah Wing usoni, akasema kwa Kiswahili:

"Nikikutazama naona ile sura waliyokuwa wanaicheka. Siwezi kuilaza pembeni yangu maisha yangu yote. Naionea aibu."

Mic ilitaka kunidondoka. Kwenye script hakukuwa na habari ya kuchekwa.

Ah Wing hajui Kiswahili. Akanigeukia mimi, maana Kimandarini changu cha sokoni anakielewa, akauliza amesema nini.

Sisi tunaokalimani hapa tuna mila moja. Matusi hayavuki. Mteja akisema huyu mwizi mkubwa, mimi namwambia mwenye duka, anasema bei iko juu kidogo. Biashara inaendelea, watu wanakunywa chai. Basi nikamwambia Ah Wing, anasema amechoka.

Ah Wing akatikisa kichwa, akamgusa Danny goti, kama kumwambia pole.

Director akafurahi kupita kiasi. Akasema tupige nyingine, hii ya Kikantoni, ili huyu naye aelewe atupe uso wa kweli.

Danny angeweza kukataa. Mimi nilikuwa nasubiri akatae. Lakini alikuwa ameshaanza kutapika ya moyoni, na mtu akianza kutapika hachagui. Kikantoni chake ni cha jikoni kwa mama, cha mtoto, hakina maneno ya kuzungukia. Danny aliniambia baadaye yote waliyoambiana; yeye alisema: sura yako mbaya, kama yangu, naona aibu.

Kwenye script Ah Wing alitakiwa alie. Hakulia. Kamera inaendelea, director kaganda. Halafu Ah Wing akauliza swali moja, taratibu:

"Na mama yako? Si ndiyo sura yake hii?"



Ah Wing akavua shati la kuigizia, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti, akatoka na singlendi yake. Nilimkimbilia mpaka kwenye ngazi nikiwa bado na ule mti wa mic. Akaniambia nirudi kazini.

Movie ikakamilika. Ikaonyeshwa kwenye ukumbi mdogo, wageni wengi, vijana wa vyuo, wazungu wachache. Ilipofika pale pa Kikantoni watu wakaacha kupumua. Mwisho wakasimama kupiga makofi. Dada mmoja akauliza yule muigizaji aliyevua shati wamempata wapi, ana kipaji. Director akajibu vizuri sana kuhusu ukweli na sanaa. Danny alikuwa chooni.

Simu za Danny, Ah Wing hakuzipokea tena.

Kisha mama akafika. Mwanamke mfupi, mchangamfu, Kiswahili cha Upanga mwanzo mwisho. Aliniita mwanangu kabla hajaniuliza jina, nikawa mbeba mifuko wake. Akataka vifungo vya sare za shule. Danny akasema twende upande mwingine. Mama akasema nimeambiwa vizuri viko huku, na miguu ndiyo hii.

Tukafika kibandani.

Ah Wing alimjua, keshaona picha zake mara ngapi. Alisimama. Akamwita shangazi kwa heshima, akamwekea kiti, akamimina chai, wakapiga Kikantoni mpaka nikadhani wamezaliwa nyumba moja. Akampunguzia bei. Danny alisimama pembeni kama mwizi. Ah Wing akamgeukia mara moja tu, kwa Kimandarini, "Laoban, na wewe unahitaji chochote?" Laoban ni bosi, ndivyo wauzaji wanavyomwita mteja yeyote wasiyemjua.

Tulipotoka, mama akamshika Danny mkono, akamwambia kwa Kiswahili, "Umemwona yule kijana? Mimi nakuombea mtu wa namna ile, basi. Sijui wewe huwa unatafuta nini."

Danny akasema, "Ndiyo, mama."

Tukaendelea kutembea.

Wakuu, nilichojifunza: kuuonyesha ugonjwa siyo kuutibu. Ile movie ilisema kila kitu sawasawa, na waliopiga makofi walikuwa sahihi, na bado mtu aliyeumizwa ndani yake hakuwa anaigiza. Na aibu ya sura uliyofundishwa utotoni haimalizikii kwako, inatafuta anayefanana na wewe.

Danny yupo, anafanya kazi, anakula. Nimempa taarifa kwamba nitaandika huku, akasema andika.

Mawe sasa ruksa. Ila mwenye la kumwambia Danny kuhusu kurudi pale kibandani, aanze yeye. Mimi maneno yameniishia.