Siku Wifi Yangu Alipotaka Nyama Iive

Kaka yangu Verlin hunenepesha ng'ombe, kama baba yetu, na kama babu aliyekuja Nebraska na ndama wawili na maneno mengi. Katika ukoo wetu nyama huonjeshwa moto, basi. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba anayeichoma mpaka ikaiva anamwua ng'ombe mara ya pili, na alilisema hilo huku akimkazia mgeni macho. Ndivyo alivyomkazia Ardith, binti wa mwalimu wa piano, jioni Verlin alipomleta nyumbani kumtambulisha. Aliwekewa pande la nyama linalovuja damu. Akameza mate, akatabasamu, akasema, "Tamu." Neno hilo moja lilimfunga maisha.

Maana hakuweza kabisa kuila. Damu ikimgusa ulimi, hutema. Na hapa kwetu kila la heri husherehekewa mahali pamoja, mkahawa wa steki wa Hoteli ya Kucera karibu na stesheni: arusi, ubatizo, mtoto kumaliza shule, fahali kushinda kwenye maonyesho. Ardith akabuni mbinu. Alikata vipande vidogo, akapeleka mdomoni, akasifu, akajipangusa kwa kitambaa, na kipande kikashukia mkobani ndani ya mfuko wa mkate. Kisha akashiba viazi. Niliigundua mbinu hiyo kwenye arusi ya mwanawe Curtis, nikanyamaza. Mawifi tuna mengine ya kugombania. Hili lilikuwa zuri mno kulitangaza.

Walionenepa ni mbwa. Kila mbwa aliyefugwa na Verlin alimwacha yeye akaandamana na Ardith kutwa, na Verlin akajisifu kwa majirani: "Mke wangu ana kipaji cha wanyama. Kazaliwa nacho." Mkono mtupu haulambwi, lakini nani amwambie?

Mwezi uliopita Ardith alitimiza miaka sabini. Curtis yuko Alaska, kwa hiyo tulikuwa watatu tu wa kwenda hotelini. Verlin akiwa bado anahangaika na tai chumbani, Ardith alinivuta jikoni.

"Wifi, leo naagiza nyama iliyoiva."

"Mbele ya Verlin?"

"Mbele yake. Nikiisifu damu leo, nitaisifu mpaka kaburini."

Nilimwombea kimoyomoyo, maana namjua kaka yangu. Afadhali akutwe uchi barabarani kuliko mkewe aonekane anakula nyama kavu mbele ya watu wa ng'ombe.

Na watu wa ng'ombe hawakukosekana. Meza ya pili alikaa Leland Brandt na wenzake. Zizi la Leland limepakana na la Verlin, lina uzio mzuri sana. Mdomo wake ndio hauna.

Akaja Marvella, mhudumu wetu wa siku zote. "Mama wa sherehe, nikuletee ya kawaida? Nyekundu katikati?"

Ardith akashika ukingo wa meza. "Hapana. Iive."

"Iive kidogo?"

"Iive mpaka ndani. Nisione wekundu hata kwa tochi. Na uniletee tomato sosi."

Kalamu ya Marvella ilisimama. Verlin akacheka peke yake. "Mama Curtis anatania."

"Sitanii, Baba Curtis."

"Verlin!" Leland akapaza sauti. "Ng'ombe wako wana ugonjwa gani hata mkeo anaogopa kuwala?"

Meza yake yote ikaangua kicheko. Verlin akawa mwekundu kuliko steki aliyoagiza. Mpishi mkuu mwenyewe alitoka jikoni, akainama kwa heshima. "Mama, nikiichoma hivyo itakuwa soli ya kiatu."

"Basi niletee hiyo soli," Ardith akamwambia.

Ikaja, nyeusi, imenywea. Akaimwagia sosi, akakata kwa nguvu za mabega, akatia mdomoni akafumba macho. Akatafuna, akatafuna, akameza. Kisha akatabasamu, na halikuwa lile tabasamu nililolizoea. Jamani, nilifurahi hata machozi yakanilenga, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

"Verlin, mpe msumeno!" Leland akafoka tena.

Uma wa Ardith ukasimama. Akainamisha kichwa, na mkono wake ukaanza kuufuata mkoba chini ya meza. Verlin hakuona mkono, aliona uso. Akamtazama mkewe, akaitazama steki yake mwenyewe, nyekundu kama baba alivyofundisha, akainyanyua sahani juu kila mtu aione.

"Marvella! Rudisha hii jikoni. Mpishi aichome kama ya mke wangu."

"Verlin, umerogwa?" Leland akauliza.

"Nimeoa," Verlin akasema. "Kula chako."

Ilipoletwa aliivamia huku jasho likimtoka. "Tamu," akasema, mdomo umejaa. Wahenga wa mjini husema kufa na tai shingoni. Kaka yangu alikuwa nayo kweli. Alimaliza kabla yetu, sahani nyeupe. Nilimheshimu siku ile kuliko siku zote.

Tukatoka kwenda kwenye pikapu, ambamo mbwa wao Gus alikuwa akingoja. Mlango ulipofunguliwa tu, Gus akatumbukiza kichwa katika mkoba wa Ardith mpaka masikioni. Akakitoa. Akamtazama. Akatumbukiza tena. Verlin alisimama na funguo mkononi, na fikra ikampanda polepole, kama ng'ombe anavyopanda lori.

"Ardith. Kumbe hicho kipaji…"

"Ndiyo."

"Miaka yote hii?"

"Na mbwa wote wanne, Verlin."

Akanigeukia mimi. Nikatazama taa za hoteli. Sijui angesema nini, kwa sababu Gus alikata tamaa ya mkoba, akaruka chini, akasukuma pua kwenye mfuko wa koti la Verlin. Verlin akamfukuza, mbwa hakusikia, koti likavutwa, na kitambaa cha hoteli kikaanguka chini kikafunguka. Ndani mlikuwa na steki nyeusi, karibu nzima, imeng'atwa mara moja tu.

Ardith alicheka mpaka akaegemea pikapu. "Ulisema tamu!"

"Wewe ndiye uliyeanza," Verlin akasema, akamfungulia mlango.