Koti la Mteja Lilivyomfunga Dobi

Saa kumi na mbili asubuhi, dobi anapuliza makaa ndani ya pasi, kichwa kakigeuza pembeni majivu yasimwingie machoni. Analowesha kidole mate, anaigusa pasi. Tss! Anavuta shati la kwanza na kuanza na kola.

Ukutani yananing'inia makoti ya wateja. Jirani yake, mama muuza mkaa, anachungulia mlangoni.

"Shemeji, jaribu hilo la kijivu, mbona litakupendeza!"

"Niache, shemeji. Koti lilishanivaa mimi."

Wanacheka, lakini yeye anaacha kucheka mapema. Koti lilimla miaka kumi na mmoja gerezani.

Rafiki yake alikuwa anaoa, naye hana nguo ya maana. Kwenye kamba palikuwa na koti la mistari la mteja, limeshanyooshwa. Akalivaa.

"Madobi wengi tunafanya hivyo," anasema, macho chini. "Unavaa, unarudi, unafua tena. Nani atajua?"

Asilolijua ni kwamba mwenye koti alikuwa amelivaa siku aliyovamia duka na kumvunja mwenye duka taya kwa nondo. Na mama huyo mwenye duka alikuwa mmoja wa waalikwa arusini. Alipoliona koti, sahani ilimponyoka.

"Huyu! Huyu hapa!"

Polisi walimuuliza koti ni la nani. Akajibu ni lake.

"Niliona haya. Dobi akijulikana anavaa nguo za watu, nani atamletea tena? Nikajua yataisha palepale."

Hayakuisha. Alipokuja kusema ukweli mahakamani, mwendesha mashtaka alicheka. "Jana lako, leo la mteja?" Mteja mwenyewe alishatokomea, koti hakurudi kulidai.

Linalotisha ni hili: hakuna aliyempanga dobi mstarini na wanaume wengine ili mama achague. Hakuna aliyemuuliza mama habari za uso. Leo mama huyo anakiri, mkono shavuni palipovunjika: "Uso sikuuona, mwanangu. Niliona mistari."

Mistari! Mtu mzima akafungwa kwa mistari ya koti.

Mwenye koti alikamatwa miaka mingi baadaye kwa uvamizi mwingine, akakiri yote mwenyewe, hata la duka lile. Dobi akafunguliwa lango, akapewa mkanda wake ndani ya mfuko wa plastiki. Pole hakupewa.

Nyumbani alikuta watu wengine. Mkewe alishahama na binti yao, aliyeachwa akitambaa, na binti huyo alikua akiambiwa baba amekufa. Mwezi uliopita ndipo mama yake alipomwambia ukweli. Jumapili hii atakuja kumwona baba yake, stendi ya mabasi.

Dobi ananyoosha shati jeupe lenye kiraka begani. Hili ni lake, alilinunua mtumbani. Analigeuza, analirudia, kiraka hakitaki kulala.

Simu inaita. Sauti ya kitoto inauliza bila salamu.

"Nitakujuaje? Utavaa nini?"

Dobi anaiweka pasi chini.

"Nguo usiziangalie, mwanangu," anasema. "Niangalie uso."