Banda la Kware

Juzi sokoni Bwera niliona kware kwenye tenga, nikakumbuka harufu ya turubai lililopigwa jua.

Mchana ule baba na jirani yetu, fundi kutoka Beni, walikuwa wakijenga banda la kware uani. Watu walisema mayai ya kware yanatibu kifua, na mama alikuwa ndani akikohoa. Fundi alifunika mabati kwa turubai, kisha akasema polepole, "Baridi ya hapa itamumaliza. Noeli hataiona."

"Kware?" niliuliza.

Baba alitoa misumari mdomoni. "Ndiyo. Kware."

Nikakimbia kukata nyasi, nikaziba kila tundu, nikiamini naokoa ndege.

Krismasi, ile Noeli ya fundi, mvua ilinyesha kutwa. Banda halikuvuja. Kware wote walikuwa wazima, na mayai yao hayakuwa na mlaji.