Mwanangu Ananiita Mama Soko

Admin, nifichie jina, maana shangazi zangu wote wako humu na midomo yao haina kufuli.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, Mnubi wa hapa hapa Kampala, nauza nyanya na vitunguu katika soko moja la Kawempe. Nina mtoto mmoja tu, wa kike, ana miaka saba. Baba yake alienda Juba kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Huyo tumwache huko huko.

Mwaka ule wa korona mtoto alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Mnakumbuka amri ilivyotoka: sisi wauza chakula tuendelee kuuza, lakini tulale sokoni, tusipeleke ugonjwa nyumbani. Pale kwetu ukitoka kwenda kwako, meza yako anapewa mwingine. Na maziwa ya mtoto yalikuwa yanatoka kwenye meza hiyo hiyo. Chumvi ilikuwa imepanda bei, sabuni tunakata vipande, posho ya serikali mtaani kwetu tuliisikia redioni tu. Nikafunga neti yangu kwenye nguzo za meza, nikalala juu ya magunia kama wenzangu.

Mtoto nilimwachia jirani yangu, nimwite Roza. Ni Mkenya, alikuwa mhudumu wa baa kule Kansanga. Baa zikafungwa, mpaka nao ukafungwa, akabaki kwenye muzigo wake, chumba kimoja kilichopakana na changu. Nikawa natuma nyanya, maziwa na unga kwa bodaboda, maana siku zile bodaboda hazikuruhusiwa kubeba watu, mizigo tu. Roza anapika, anamlisha mtoto, anakula na yeye. Tuliishi hivyo, na mtoto hakulala njaa.

Mwanzoni alikuwa anamleta kwenye geti la soko nimwone. Kulikuwa na kamba, haturuhusiwi kugusana. Mtoto alininyooshea mikono, akalia mpaka akatapika, hata askari wa getini akageukia pembeni. Nikamwambia Roza, "Banange, usimlete tena. Na akikuita mama, wewe itika tu. Mtoto anaita mama, mtu haitiki, si ataumia?"

Roza akasema, "Sawa dada. Lakini huyu ni wako, usisahau."

Mimi nisahau! Kila nilipofunika nyanya jioni nilikuwa namwaza yeye.

Amri ilipolegezwa nikarudi nyumbani, nikamkuta amenenepa, anaongea. Nikapiga magoti mlangoni nikafungua mikono. Akajificha nyuma ya gauni la Roza. Roza akambembeleza, "Nenda, ni mama. Si ndiye yule mama wa soko anatuletea nyanya?" Tangu siku hiyo mimi ni Mama Soko, na Roza ni Mama. Majirani walicheka, na mimi nikacheka nao. Nikasema atazoea. Ikaja karantini ya pili, shule zimefungwa, na mimi alfajiri lazima niwe sokoni. Akaendelea kulala kwa Roza, mlango wa pili, na mimi nikaendelea kusema atazoea.

Roza simsemi vibaya. Yeye ni Mkristo, akitaka kula hufanya ishara ya msalaba, lakini ndiye aliyemfundisha mwanangu kusema Bismillahi kama sisi Waislamu, na nyama ya nguruwe haijaingia katika sufuria ile. Angekuwa adui ningejua pa kumpiga. Huyu nimpige wapi?

Mwezi uliopita mtoto alishikwa na malaria. Roza alikuwa kazini, nikafunga meza nikakaa naye mimi. Homa ilipopanda akaita, "Mama." Nikaitika, "Wangi, mwanangu, niko hapa." Akafumbua macho akaniangalia, halafu akausogeza mkono wangu, akatazama mlangoni. Akaita tena. Sikuitika tena, kwa sababu hakuwa akiniita mimi. Nililia siku ile jamani, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Sasa mama yake Roza huko Kisumu amepooza, hana wa kumuuguza. Roza anaondoka Jumapili, harudi. Alikuja kwangu macho mekundu, akasema, "Dada, mtoto wa mtu siwezi iba. Lakini nikimwacha atalia, nikimbeba utalia wewe. Sasa tufanye aje?"

Dada yangu mkubwa amesikia, amewaka moto. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi! Mtoto wa Kinubi aende Kisumu kwa nani?" Majirani nao wananiambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kwani mimi sikulea? Yale maziwa yalitoka mbinguni? Mgongo wangu huu mpaka leo unauma kwa sababu ya yale magunia. Lakini nikimaliza kugomba nakumbuka jinsi alivyotazama ule mlango.

Jana nilirudi na gunia tupu la vitunguu. Mtoto akalichukua, akalikung'uta vizuri, akaanza kupanga nguo zake ndani. Alisikia tu kwamba Roza anasafiri; hakuna aliyemwambia kwamba naye anakwenda. Kwake ni jambo la kawaida, mama akisafiri mtoto hufuata. Nilisimama nikimwangalia. Akatoa gauni moja, lile la Idi nililomshonea, akaja kuliweka juu ya kitanda changu.

"Mama Soko, hii ibaki kwako," akasema. "Nitaivaa nikija kukutembelea."

Mimi ndiye nitakayetembelewa, ndugu zangu. Gauni bado liko pale kitandani, usiku nimelala pembeni nisilikunje.

Nikimzuia nitabaki na mtoto anayemlilia mama yake, na mama mwenyewe ndiye mimi. Nikimruhusu nitakuwa nimemwacha getini mara ya pili. Jumapili haiko mbali. Nishaurini mnaojua kulea, nifanye nini? Na anayetaka kunitukana anisubirie kidogo, wiki hii siwezi.