Miche ya Nyanya Katika Shimo la Mboji

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa huduma ya kilimo hapa Kisangani alinikabidhi beleshi na buti mbili, zote za mguu wa kushoto. Nilikuwa monitere, mtu wa kupita nyumba kwa nyumba kufundisha ukulima. Nikaanzia mashimo ya mboji. Niliuliza niwaambie akina mama watie nini humo.

“Usisemake mingi,” mkuu alinijibu. “Bamama habana wakati. Baambie: kila kitu yenye inaozaka, tia mu shimo. Bon, enda.”

Shuleni nilisoma vingine. Maganda ya mihogo na ya ndizi ni mazuri. Mabua ya pondu, yaani kisamvu, yakatwe vipande vidogo. Kila tabaka bichi lifunikwe kwa majani makavu ili shimo lisinuke. Mifupa na mafuta huita panya. Na mmea uliokufa kwa ugonjwa usitiwe kamwe, maana shimo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua ugonjwa. Yote hayo niliyajua, ninyi vijana mnaoanza kazi hii. Nilinyamaza kwa sababu ilikuwa rahisi.

Mama Zawadi, mjane, alisomesha binti zake kwa nyanya za kiwanja chake. Mwaka ule miche michache ilinyauka. Akaitia shimoni kama nilivyomfundisha, kisha mboji akaitandaza kiwanja kizima. Msimu uliofuata nyanya zote zilinyauka, na uliofuata tena. Nikahamishiwa Bengamisa kabla sijamwambia kitu. Kusema kweli, nilifurahia uhamisho ule.

Sasa nimestaafu, na kiwanja kile kimenikosesha raha. Juzi nilimkuta Mama Zawadi sokoni akiuza nyanya za watu wengine. Nikanunua fungu moja, nikajikaza.

“Mama, ni mimi niliharibu kiwanja yako. Ile miche ya ugonjwa haikupashwa kuingia mu shimo.”

Alicheka, akaniongezea nyanya mbili.

“Monitere, uzee iko nakusumbua. Ni dada yangu aliniloga. Alikufa bila tusemeshane. Weye ulitufunzaka muzuri! Hata mabinti yangu, mumoja iko Ubundu, mwingine Yahuma, nimebafunza vile vile: kila kitu yenye inaozaka, tia mu shimo.”

Nilirudia kwamba mmea wa ugonjwa hautiwi shimoni. Alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.

Nimezeeka nikifundisha mengi, kwa miguu, kwenye mvua. Katika hayo yote, hilo la kila kitu kinachooza ndilo lililoshikwa.