Fridah Wanjala na Hatua Tisini

Miaka hupita Tongaren kama ng'ombe wa jembe: polepole, mtaro kwa mtaro, na anayeitazama hudhani haijasogea. Katika mwendo huo Fridah Wanjala alizaliwa huko, kijijini Naitiri, akasoma, akawa mwalimu wa fizikia katika sekondari moja mjini Kitale, na alipotimiza miaka arobaini na mmoja akajiandikisha chuo kikuu kutafuta shahada ya uzamifu. Alichagua kuichunguza nishati ya giza, ile nguvu isiyoonekana inayosadikiwa kuutanua ulimwengu kwa kasi inayozidi.

Darubini hakuwa nayo. Takwimu za nyota zilimfikia kwa kompyuta kutoka nchi za mbali, naye akazichambua mchana, baada ya vipindi, mvua ikigonga mabati. Majirani waliiheshimu sana elimu hiyo, wakawa wanamwuliza siku ya kupanda maharagwe.

Kazi yenyewe yaelezeka. Ziko nyota zinazokufa kwa mlipuko, na milipuko ya aina hiyo husadikiwa kung'aa kwa nguvu zinazokaribiana, kama taa zilizotoka kiwanda kimoja. Iliyofifia zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi. Taa za mbali sana zilionekana hafifu kuliko ilivyotarajiwa, na kutokana na hilo wataalamu wakahitimisha kwamba kutanuka kunaongezeka kasi. Swali la Fridah lilikuwa moja: je, taa za kale zilikuwa na nguvu sawa na za sasa? Maana kipimo kikibadilika kwa umri, hesabu yote huyumba. Aliliandikia swali hilo kurasa mia mbili.

Mama yake, Roselyne, ni mjane. Shamba lake limepakana na la shemeji yake, mzee Hesbon Wanyonyi. Marehemu mumewe, Wanjala, na mdogo wake huyo waligawana urithi kwa hatua: sehemu ya Wanjala ilianzia barabarani ikaenda hatua tisini za Wanyonyi, aliyekuwa wakati huo kijana wa miguu mirefu. Kwa kuwa jembe hula mpaka, kila Machi Wanyonyi alizipiga upya mbele ya wazee wa ukoo, na hakuna mwaka aliopunguza hata moja. Lakini Roselyne, aliyezoea kupanda laini tisini za mahindi, moja kwa kila hatua, sasa alipata sabini na tano. Alipolalamika, Fridah alimjibu kwa simu, kwa upole wa msomi, kwamba tisini ni tisini. Labda mama alikuwa akiachanisha mno mistari. Mganga hajigangi.

Hatimaye wazee waliamua kwamba Machi hii, hatua zikishapigwa, mkonge upandwe mpakani na malalamiko yafe. Fridah akaenda Naitiri kushuhudia. Alimwona baba yake mdogo, mwenye miaka sabini na minane, akijikokota kwa fimbo, akihesabu kwa sauti na kwa uaminifu kamili. Hakuiba hata moja. Miguu ndiyo iliyozeeka.

Mwanachuoni mmoja wa kale, aliyeupima mzingo wa dunia kwa kivuli cha adhuhuri, husemwa kwamba aliwategemea watembezi wa kuhesabu hatua. Umri wa watembezi hao hatukuambiwa.

Fridah hakubishana. Alikumbuka kwamba msingi wa kanisa la pale ulipimwa na Wanyonyi huyohuyo, mwaka uleule wa kugawana shamba. Na tangu hapo hapajapita sikukuu bila yeye kuwakumbusha waumini kwamba ukuta ule ni hatua zake thelathini kamili. Akawaomba wazee wasubiri na mkonge, akamsihi mzee aupime ukuta tena. Mzee alikubali kwa furaha. Akafika thelathini, na ukuta ukawa haujaisha. Akaendelea, safari hii bila sauti, mpaka pembeni.

"Ni ngapi, baba?"

"Thelathini na sita." Akautazama ukuta kama mtu aliyesalitiwa na mwanawe. "Si ni wewe, Fridah, husema kila kitu inapanuka? Basi hata kanisa imepanuka."

Wazee wakacheka.

"Zinazoachana ni nyota za mbali sana, baba. Kilichoshikamana hakipanuki. Ukuta ni uleule. Ni hatua imefupika."

"Ati mimi ndiye nimefupika."

"Ni hatua, baba."

Roselyne akasema taratibu, "Shemeji, hiyo kanisa yako imekula laini zangu kumi na tano."

Wanyonyi aliinua fimbo yake akauonyesha ukuta. Kisha akaagiza kamba inyooshwe urefu wa ukuta, nayo ikalazwa mara tatu kutoka barabarani. Mkonge ukapandwa hapo. Siku hizi huwasimulia wageni jinsi alivyoligundua kosa hilo yeye mwenyewe.

Fridah alirudi Kitale kwenye kurasa zake. Mwalimu wake wa chuo angali anamtaka ushahidi zaidi kuhusu taa za kale, naye angali anautafuta. Huko juu hajapata ukuta wa kanisa.

Mwenyezi Mungu, uliyeweka kila nyota kwa kipimo usichokisahau, umjalie Fridah kuimaliza kazi yake. Umpe Roselyne mvua kwa wakati na laini tisini zilizojaa. Umhurumie mzee Wanyonyi magotini, na jamaa yao yote uiweke katika amani. Amina.