Bata wa Mama Kezia hawana kosa

Ndugu zangu, mnisamehe kuchelewa kuandika, nilikuwa naoga kwanza.

Leo nimeanika dagaa uani hapa Buzebazeba, nikakaa pembeni kuwalinda huku nanyonyesha.
Nashtuka, nusu hawapo.

Moja kwa moja kwa jirani yangu Mama Kezia, aliyekimbilia huku kutoka Burundi.
"Bata wako wamenimalizia dagaa."
Bata wenyewe wakaja nyuma yangu, wakaanza kunidonoa kanga kwa nyuma.
"Yoo, dada, hebu geuka," akasema. "Dagaa umewalalia. Wote wako kwenye kanga."

Nimemwomba radhi yeye, na bata pia.
Kosa ni langu. Nimechoka, na sikutaka kukubali.
Nami ni mtu. Kuanzia kesho mchana nalala kwa heshima zangu, mbali na dagaa.

Basi nitumieni mkeka mmoja, mto mmoja, sabuni mbili za kipande.